Mita inasema 12, mlango umenuna

Foleni ya pantoni, kivuko cha Dar es Salaam, upande wa Kigamboni, saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Magari yamesimama, injini naiacha inanguruma kwa sababu betri imeshachoka na sitaki kubahatisha. Ufunguo uko kwenye swichi, simu iko kwenye kiti cha pembeni, madaftari ya Kidato cha Tatu yamelala kiti cha nyuma. Nikashuka kununua karanga. Nikausukuma mlango ujifunge nyuma yangu, na kabla sijapiga hatua ya pili nikasikia: tak! Milango yote minne imejiloki.

Sasa sikilizeni. Kwa wiki mbili nzima mlango wa dereva ulikuwa umegoma kujiloki hata kwa kubembelezwa. Nabonyeza rimoti, mitatu inaitika, wa dereva umenuna. Asubuhi hiyo, gari likiwa linanguruma na mimi niko nje na karanga mkononi, ndipo nao ulipoona vyema ufanye kazi.

Foleni ikaanza kusogea. Honi zikaanza. Kilichoniokoa ni kioo cha mlango wa nyuma, ambacho huwa nakiacha wazi vidole viwili kwa sababu AC ya gari hili ilishaniaga siku nyingi. Mama mmoja mwenye ndoo ya samaki akatoa mwavuli wake, kijana mmoja akapitisha mpini kwenye ule upenyo, akanasa kile kiwiko kidogo cha loki kwa ndani, akavuta. Nikaingilia nyuma, nikapanda juu ya madaftari ya watoto wa watu hadi kwenye usukani, gauni limenasa kwenye hendibreki, na nyuma yangu mtu anauliza kwa sauti kama hilo gari nimeliiba.

Jioni baba watoto akasema peleka gereji, wabadilishe mota ya loki, yaishe. Nikamjibu kwamba mimi ni mwalimu wa fizikia, siwezi kushindwa na nyaya mbili. Jibu hilo limenigharimu shilingi 65,000.

Sentro loki, yaani mfumo unaofunga milango yote kwa pamoja, ukiivua makoti yote, ni kitu kidogo. Ndani ya kila mlango kuna mota yenye nyaya mbili. Ukiipa chanya huku na hasi kule, inazunguka upande mmoja na kusukuma loki ifunge. Ukigeuza, inafungua. Kazi ya kugeuza inafanywa na rilei mbili, yaani swichi zinazowashwa kwa umeme, na kwenye gari kama langu, la Kijapani la mwaka 2003, zimejificha ndani ya kisanduku chini ya dashibodi. Gari likitulia, nyaya zote mbili zinalala kwenye ethi, yaani bodi ya gari, ambayo imeunganishwa na hasi ya betri. Ukibonyeza kufunga, mmoja unapandishwa hadi volti 12 kwa muda usiofika sekunde moja, kisha unarudishwa kulala. Ndiyo maana unasikia tak moja tu, husikii mota ikiendelea kulia.

Mlango wa dereva una nyaya nyingine za ziada, nyembamba, ambazo hazibebi nguvu bali zinabeba habari. Unapobonyeza kitufe cha kufunga pale mlangoni, hakuna umeme mkubwa unaopita. Waya mmoja unaguswa kwenye ethi, kisanduku kinasoma kwamba dereva ameamuru, kinatii, na milango yote inafunga. Kwa hiyo waya huo ukijigusa wenyewe kwenye ethi, kisanduku hakina namna ya kujua kwamba aliyeamuru si mtu. Magari mengi ya Kijapani yana ulinzi hapo: ufunguo ukiwa kwenye swichi na mlango wa dereva ukiwa wazi, yanakataa kujiloki. Lakini mlango ukishafungwa, ulinzi huo nao umeondoka. Haya yote nilikuwa nayajua kwa nadharia. Pale pantoni hayakunisaidia kitu.

Nikaanza kwa kuchuja. Rimoti ni nzima, maana milango mitatu inaisikia. Fyuzi ni nzima, maana ni moja kwa milango yote. Rilei ni nzima, maana zile zile mbili ndizo zinazoendesha yote minne. Basi ugonjwa uko ndani ya mlango wa dereva au kwenye njia ya kuufikia. Hapo nilijipa alama zote. (Ingekuwa yote minne imenyamaza kwa pamoja, ningeanza na fyuzi, halafu betri, halafu rilei. Na kama milango ingetii kitufe cha ndani lakini ikaikataa rimoti, nisingefungua mlango wowote: ugomvi ungekuwa wa rimoti au alamu, na mara nyingi ni kile kibetri cha duara cha bei ya soda.)

Jumamosi nikafungua paneli ya mlango. Skrubu moja inajificha nyuma ya mpini, nyingine ndani ya shimo la kuvutia mlango, zilizobaki ni klipu za plastiki zinazovunjika ukizitazama vibaya. Nyuma ya paneli nikakuta nusu ya nailoni haipo. Aliyenibadilishia kioo miaka ya nyuma aliichana akaona haina kazi. Ina kazi sana. Maji ya mvua huingia mlangoni kila inaponyesha kwa kupitia kando ya kioo, yanateremka ndani na kutokea kwenye matundu ya chini. Nailoni ndiyo inayoyazuia yasirukie paneli na nyaya zilizo upande wa ndani. Sisi tunaoishi na upepo wa bahari tunalipia nailoni hiyo mara mbili, na plagi ya swichi ya vioo ilikuwa imeshaota ile kutu ya kijani. Nikaisafisha, nikajisifu, nikajaribu rimoti. Mlango umenuna.

Nikachomoa plagi ya mota, nikatoa multimita, kipimo changu cha umeme. Ncha nyeusi kwenye bodi, ncha nyekundu kwenye tundu la kwanza, mwanangu wa kwanza anabonyeza rimoti. Namba zikacheza: 3, 9, 6. Umeme unakuja na kuondoka kabla mita ya dijitali haijamaliza kufikiri. Yangu ina kitufe cha kushika namba ya juu kabisa, nikakibonyeza. Volti 12.4. Tundu la pili, rimoti ya kufungua: 12.4. Nikasimama, nikajinyoosha mgongo, nikatangaza hukumu mbele ya familia: umeme unafika wote, mota haizunguki, basi mota imekufa.

Mnaojua mambo haya mmeshaona nilipoangukia. Mimi nilikwenda Ilala kununua nyingine.

Mota ya kwanza, ya mtumba, shilingi 30,000. Nimefika nayo nyumbani ndipo nagundua ni ya mlango wa abiria. Plagi yake ina pini chache, kwa sababu mlango wa abiria hauhitaji zile nyaya za habari. Muuzaji akasema ukishaondoka nacho ni chako. Ya pili, 35,000, nikaijaribu pale pale dukani kwenye betri yake: tak, tak. Nzima kabisa. Nikaifunga mlangoni jioni ile. Mara ya kwanza ikavuta kidogo kama mtu anayeamshwa usingizini. Mara ya pili, kimya.

Nilikaa kwenye kile kiti cha plastiki cha uani nikiitazama. Mota nzima, volti 12.4, na hakuna kazi inayofanyika. Ningepewa swali hilo kwenye mtihani ningelijibu kwa dakika mbili. Lakini lilikuwa mlangoni kwangu, limepakaa ile gundi nyeusi inayong'ang'ania kila kitu, na sikuliona.

Njia ya kwenda Kibada kuna mzee wa umeme wa magari, kibanda chake kiko chini ya mwembe. Wajukuu zake wawili nimewafundisha. Nikampelekea gari paneli ikiwa imetolewa, mota zote tatu ziko kwenye mfuko wa rambo.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwalimu. Leo umeniletea gari au umeniletea swali?"

"Vyote viwili."

Nikamweleza tangu mwanzo. Alipofika kwenye mfuko akachambua, akatoa mota iliyotoka kwenye gari, ile ya asili. "Hii uliipima kabla hujanunua hizi?"

Nikanyamaza. Akaigusisha kwenye betri yake: tak. Akageuza nyaya: tak. Akaiweka chini pamoja na wenzake, taratibu, bila kusema neno. Kusema kweli ningependa angesema.

Kisha akauliza nilipima vipi. Nikamwonyesha multimita, nikamwambia 12.4, pande zote. Akacheka kidogo. "Mita haifanyi kazi, mwalimu. Mita inachungulia tu. Wewe mpe umeme kazi ya kufanya, uone kama anaiweza."

Chombo chake cha kupimia ni balbu ya breki ya wati 21, imelehemiwa nyaya mbili zenye klipu za mamba, na kioo chake kimeingizwa ndani ya kipande cha chupa ya dawa ya kikohozi kisivunjike. Akafungua plastiki ya chini karibu na miguu ya dereva, akachomoa plagi inayopeleka nyaya mlangoni. Kutoka kwenye betri akavuta waya wa chanya wenye fyuzi ndogo, akaupa waya mmoja wa mota moja kwa moja, bila kupitia rilei. Kwa hiyo sasa umeme unakaa, hauji na kukimbia. Upande wa mlangoni akaweka balbu yake, na mguu wa pili wa balbu akaurudisha kwenye hasi ya betri kwa waya mrefu, maana bawaba za mlango, alisema, si za kuaminiwa kwa ethi. Waya wa kwanza: balbu ikawaka nyeupe, ikaniumiza macho. Akahamia wa pili.

Ikawaka rangi ya kaa la mkaa linalokufa.

"Chungulia sasa na mita yako." Nikaweka ncha kwenye miguu ya balbu: 4.9. Nikaweka ncha moja kwenye plagi ya chini na nyingine mlangoni, yaani kwenye miisho miwili ya waya ule ule mmoja: 7.5. Jumlisha upate 12.4. Waya wenye urefu usiozidi mita moja na nusu unakula volti saba na nusu peke yake. Akachomoa balbu, nikapima tena mlangoni: 12.4, safi, kama vile hakuna lililotokea.

Akarudisha balbu, akaushika mlango, akaanza kuusogeza polepole. Ukikaribia kufunga, balbu inang'aa. Ukifungua, inafifia hadi inakuwa uzi mwekundu. Kufunga, kung'aa. Kufungua, kufifia. Nimefundisha ukinzani, yaani jinsi waya unavyoupinga umeme, kwa miaka kumi na moja na sijawahi kuwa na kielelezo kizuri kama kile.

Kati ya mlango na nguzo ya gari kuna raba iliyokunjamana kama shingo ya kobe, na ndani yake ndimo nyaya zote za mlango zinamopita. Kila unapofungua mlango zinanyooka, kila unapofunga zinajikunja, na gari lina zaidi ya miaka ishirini. Mzee akaichomoa raba upande wa nguzo, akaisukuma nyuma kama anayekunja mkono wa shati. Kwa macho nyaya zilikuwa nzima. Akanionyesha asichokifundisha mtu chuoni: akashika waya mmoja mmoja kwa vidole viwili vya kila mkono, akauvuta kwa upole. Waya mzima haunyooki, shaba ya ndani inaushikilia. Wa nne akauvuta, ukarefuka kama mpira. Plastiki nzima, ndani hamna kitu. Akaupasua kwa wembe: shaba imekatika, ncha zimekuwa nyeusi, zinagusana kwa bahati tu.

Na jirani yake, waya mwembamba wa habari, ulikuwa umechubuka ubavuni ukaacha shaba wazi kama nusu ya punje ya mchele. Uliochubuka pamoja nao, umelala kifudifudi juu yake, ni waya wa ethi. Ukiugonga mlango kwa nguvu, vinabusiana. Ndiyo tak ya pantoni ile. Na kishindo hicho hicho kilizisukuma ncha za ule waya wa mota uliokatika zikakutana vizuri kuliko siku nyingine, kwa hiyo siku hiyo hata mlango wa dereva ulipata nguvu ya kujiloki. Magonjwa mawili ndani ya raba moja, na wa kwanza ulikuwa unauficha wa pili.

Usiku nikafanya hesabu nyuma ya karatasi ya mtihani wa nusu muhula. Mkondo uliopita kwenye balbu ulikuwa karibu ampea 1.07. Volti 7.5 kugawanya kwa 1.07, unapata ohm 7 hivi za ule mgusano mbovu. Mota niliyopima ina kama ohm 3. Weka 3 na 7 kwenye mstari mmoja, ugawe 12.4: mota inaambulia volti 3.7 tu, haiwezi kusukuma hata mlango wa kabati. Sasa weka multimita badala ya mota. Ukinzani wa mita yangu ni ohm milioni 10. Mbele ya milioni 10, hizo 7 ni nini? Mita inakuandikia 12.4 bila kupepesa macho, na haijadanganya. Mimi ndiye niliyeiuliza swali jingine.

Kuhusu matengenezo nina maneno machache, kwa sababu nimeona yakiharibiwa. Mzee hakuunga pale pale palipokatika. Kiungo kilicholehemiwa ni kigumu, na ukikiweka ndani ya mkunjo kitakatika kando yake baada ya miezi. Alikata waya mbali, kiungo kimoja kikaingia ndani ya mlango na kingine nyuma ya plastiki ya chini, na kati yake akapitisha kipande kirefu cha waya laini wenye nyuzi nyingi nyembamba. Viungo vya nyaya tofauti hakuvipanga mstari mmoja, raba isivimbe. Akavivalisha mpira unaosinyaa kwa moto. Hakutumia tepu nyeusi. Tepu na joto la Dar havielewani. Baada ya mwaka inabaki gundi inayonata kama asali, na waya uko uchi. Aliyenifungia alamu alitumia hiyo tepu tu, kasokota nyaya kwa vidole akazungushia, na mzee alipoziona chini ya dashibodi alitikisa kichwa akasema tutaonana tena.

Na onyo alilonipa ninalipitisha: balbu ya wati 21 ni ya nyaya za nguvu kama za mota. Usiichomeke kwenye nyaya za habari zinazoingia kwenye kompyuta, wala usiisogeze karibu na nyaya za mifuko ya hewa, ile inayofutuka gari likigonga. Huko tumia mita, ichungulie.

Akanidai 15,000 pamoja na waya. Mota ya asili ikarudi mahali pake. Niliporudisha paneli nikanunua nailoni nene ya dukani, nikaikata kwa kufuata ile gundi ya zamani. Mlango wa nyuma kushoto bado unasuasua, hasa ukibonyeza mara nyingi mfululizo. Mzee anasema huo mota yake ndiyo imechoka kweli. Ndani yake kuna kikinzani cha ulinzi kinachozuia umeme kikipata joto, kwa hiyo ukiuona umegoma uache dakika chache ndipo uupime, usije ukaua mzima. Nimeuacha. Tumekubaliana na watoto kwamba mlango huo unalokiwa kwa mkono.

Wiki iliyofuata niliingia Kidato cha Tatu na betri, balbu ya breki, multimita na kile kipande cha waya kilichokatwa. Nikawauliza kwanza mita itasoma ngapi. Wakasema sifuri, waya si umekatika. Ikasoma 12.4. Nikaunganisha balbu, ikawaka wekundu. Nikamwita mmoja akikunje kile kipande, darasa likapiga kelele balbu ilipong'aa. Nikawasimulia na habari ya pantoni, nikiruka sehemu ya gauni. Halafu binti mmoja wa mstari wa nyuma, ambaye kwa kawaida huwa haongei, akanyoosha mkono.

"Mwalimu, sasa zile mota mbili ulizirudisha?"